Mashine ya Bisi na Maji Yaliyo Ndani ya Punje

  

Leo tutazungumza juu ya bisi, na juu ya mashine inayozitengeneza.

Pengine baadhi yenu mtasema, "Bisi ni chakula cha watoto. Sisi ni watu wazima, tumekuja kujifunza kusoma na kuandika. Bisi za nini?" Swali hilo ni jema, na nitalijibu kwa mfano.

Tuseme yuko mama mmoja pale Bunda. Yumo katika kikundi cha kuweka na kukopa. Amekopa fedha, akanunua mashine ya bisi ya umeme, akaiweka karibu na stendi, mahali ambapo mabasi ya Mwanza na Musoma husimama. Mwezi wa kwanza kazi ilikwenda vizuri. Bisi zilitoka kubwa, nyeupe, na abiria walinunua wakiwa madirishani. Mwezi wa pili mambo yaligeuka. Kila akipika, punje nyingi zinabaki chini ya sufuria, ngumu kama changarawe. Akamwita fundi. Fundi akabadilisha waya, akalipwa, akaondoka. Hali ikabaki ile ile. Jirani akamnong'oneza kwamba ni kijicho cha watu. Na siku ya kurudisha mkopo inakaribia, wala deni halingoji.

Je, mama huyu ana ubaya gani? Mashine yake imeharibika? Amerogwa? Au kuna jambo la tatu ambalo hakuna aliyemfundisha? Shikeni swali hilo. Tutalirudia mwisho wa somo, na ninyi wenyewe ndio mtakaolijibu.

PUNJE

Kabla ya kuitazama mashine, tuitazame punje. Kama mwalimu wenu ameleta punje chache za mahindi ya bisi, kila mtu achukue moja aishike.

Mnaona kwamba ni ndogo kuliko punje ya mahindi ya ugali, na ni ngumu zaidi. Si kila hindi linaweza kuwa bisi. Mahindi ya bisi ni aina yake. Ganda lake ni gumu na limefunga vizuri, halina ufa. Ndani ya ganda mna wanga mgumu, ule ambao ukisagwa huwa unga. Na ndani ya wanga huo mna maji.

Ndiyo, maji. Punje mnayoishika ni kavu kabisa ukiigusa, lakini ndani yake mna maji kidogo sana ambayo macho hayawezi kuyaona. Katika punje nzuri ya bisi, maji ni kama sehemu 14 katika kila sehemu 100 za uzito wake. Maana yake, kilo moja ya punje, yaani gramu 1,000, ina maji kama gramu 140. Hayo ni kama nusu kikombe cha chai.

Sasa tuiweke punje hiyo motoni. Nini kinatokea?

Maji yakipata moto hugeuka mvuke. Kila mpishi anajua hivyo. Mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji, na ndiyo sababu kifuniko cha sufuria ya ugali hurukaruka maji yanapotokota. Lakini ndani ya punje mvuke hauna njia ya kutokea. Ganda limeuzuia. Basi joto linazidi, na mvuke unazidi kusukuma. Maji ya sufuriani hapa Musoma, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, hutokota yanapofika karibu digrii 96. Lakini maji ya ndani ya punje, kwa kuwa yamefungiwa, huendelea kupata moto mpaka kama digrii 180. Wakati huo msukumo ndani ya punje ni kama mara tisa ya hewa inayotuzunguka. Fikirini upepo uliojazwa ndani ya gurudumu la lori kubwa. Msukumo ndani ya punje ndogo unakaribia huo.

Na wakati huo huo wanga haubaki mgumu. Kwa maji na joto, unalainika na kuwa kama uji mzito.

Mwisho ganda linashindwa. Linapasuka kwa ghafula. Mvuke unatoka kwa nguvu, unauvuta wanga ule laini na kuutawanya kama povu. Mara hiyo hiyo unapoa na kukauka. Hiyo ndiyo bisi: ni povu la wanga lililokauka. Punje moja huongezeka ukubwa mara 40 hivi.

Na ule mlio tunaousikia? Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Ufaransa, Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko, walitoa maelezo ya uchunguzi wao. Walipiga picha za haraka sana za punje zinazopasuka. Waliona kwamba mlio hautoki katika ganda linalovunjika, bali katika mvuke unaotoroka. Waliona pia kwamba katika digrii 170 punje zilizopasuka hazikufika nusu, lakini katika digrii 180 karibu zote zilipasuka. Tazameni tofauti ya digrii 10 tu inavyofanya kazi kubwa! Kumbukeni hesabu hiyo, maana tutaihitaji.

Basi, wanafunzi, andikeni sentensi hii katika madaftari yenu. Mwalimu aiandike ubaoni: MASHINE HAIPASUI BISI. MAJI YALIYO NDANI YA PUNJE NDIYO YANAYOPASUA BISI.

MASHINE

Kama maji ndiyo yanayopasua, mashine inafanya nini?

Mfikirini mama wa kijijini Butiama anayetengeneza bisi jikoni kwake. Anaweka sufuria juu ya mafiga, anatia mafuta kidogo, anatia punje, anafunika. Kisha anaishika sufuria kwa kitambaa na kuitikisa, huku na huku, mpaka mlio unapungua. Mama huyo anafanya kazi tatu. Ya kwanza, anatia moto. Ya pili, anatikisa ili moto uzifikie punje zote sawasawa na zisiungue. Ya tatu, anafunika ili bisi zisirukie majivuni. Mashine inafanya kazi hizo hizo tatu, wala hakuna ya nne.

Tuitazame mashine ya umeme, ile yenye sanduku la vioo. Ndani ya sanduku inaning'inia sufuria ndogo. Katika kitako cha sufuria kumefichwa waya wa moto, ndugu wa ule ulio ndani ya pasi ya umeme. Umeme ukipita, waya unapata moto na sufuria inapata moto. Hiyo ni kazi ya kwanza.

Juu ya sufuria kuna mota ndogo. Mota hiyo inazungusha chuma chembamba kinachoshuka mpaka chini ya sufuria na kukoroga punje. Huo ndio mkono wa mama unaotikisa. Hiyo ni kazi ya pili.

Sufuria ina vifuniko vyepesi. Bisi zikijaa, huvisukuma vifuniko na kumwagika zenyewe ndani ya sanduku la vioo. Vifuniko hivyo havikazi sana, na kuna sababu. Mvuke ukishatoka katika punje lazima upate njia ya kwenda zake. Ukibaki, bisi zinakuwa laini na za kutafuna kama mpira. Hiyo ni kazi ya tatu.

Vitu vingine ni vya kusaidia tu. Kuna kifaa kinachozuia joto lisizidi. Kuna mkono wa kupindua sufuria. Kuna taa, ambayo huangaza bisi ili mnunuzi azione. Chini kuna sahani yenye matundu, na punje zisizopasuka huanguka humo. Ile sahani, wanafunzi, ni mwalimu mkubwa. Kila jioni itazameni, nayo itawaambia kama kazi ya siku ilikwenda vema.

Ziko pia mashine za gesi, zenye jiko dogo chini ya sufuria. Hizo zinafaa mahali pasipo na umeme. Na ziko mashine ndogo zisizotumia mafuta kabisa. Hizo hupuliza hewa ya moto, na bisi kwa kuwa ni nyepesi hupeperushwa nje, punje nzito zikabaki. Lakini katika zote, kanuni ni ile ile moja.

Mafuta yana kazi gani? Punje ni ya mviringo, nayo inaigusa sufuria mahali padogo tu. Mafuta huizunguka na kuipelekea joto pande zote. Kipimo cha kawaida ni kikombe kimoja cha mafuta kwa vikombe vitatu vya punje. Mafuta yakipungua punje zinaungua. Yakizidi bisi zinakuwa nzito, nawe unapoteza fedha.

Mashine ya namna hii ilianzaje? Katika mji wa Chicago, Marekani, alikuwako mtu aitwaye Charles Cretors. Alikuwa na duka la peremende, akanunua mashine ya kukaangia karanga. Haikumridhisha, akaunda ya kwake. Baadaye akaunda mashine iliyokwenda kwa nguvu ya mvuke, ikakaanga karanga na kutengeneza bisi katika mafuta. Mwaka 1893 aliionyesha katika maonyesho makubwa ya mji huo. Lakini kula bisi si jambo la juzi. Huko Peru, Amerika ya Kusini, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya mahindi yenye umri wa miaka zaidi ya 6,000, na dalili kwamba watu wa huko walikuwa wakila bisi. Watu hao hawakuwa na umeme wala mota. Walikuwa na moto, na punje zenye maji.

PUNJE ZISIZOPASUKA

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Kwa nini punje nyingine hazipasuki?

Sababu ya kwanza ni ukavu. Punje ikikauka mno haina maji ya kutosha, na pasipo maji hakuna mvuke. Wakazi wa mwambao wa Musoma mnalijua jua. Mnaanika dagaa asubuhi, na baada ya siku moja au mbili wamekuwa wakavu na wepesi. Jua limeyachukua maji. Kwa dagaa hiyo ni baraka, maana hawaozi. Kwa punje ya bisi ni hasara. Mfanyabiashara anayeacha punje katika beseni wazi sokoni mchana kutwa, au anayeweka gunia wazi chini ya bati linalowaka jua, anazianika kama dagaa pasipo kujua. Kila siku uzito unapungua kidogo na nguvu ya punje inapungua nao.

Sababu ya pili ni ufa. Ganda likipasuka kidogo, kwa kupigwa fimbo wakati wa kupukuchua au kwa kutobolewa na wadudu, mvuke unavuja polepole na punje haipasuki.

Sababu ya tatu ni moto hafifu. Moto ukiwa mdogo, punje inapata joto polepole na mvuke unapata wakati wa kuvuja mahali punje iliposhikamana na gunzi. Kumbukeni ile tofauti ya digrii 170 na 180. Katika mashine ya umeme jambo hili hutokea umeme unaposhuka. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Ukishuka mpaka 180, nguvu ya joto ya mashine haibaki hata theluthi mbili. Ni kama sehemu sita tu katika kumi. Taa yaweza kuwaka bado, mota ikazunguka bado, lakini sufuria haina moto wa kutosha.

Basi mtu atajuaje sababu ni ipi? Hapa hahitajiki fundi wala mganga. Fanyeni hivi.

Hesabuni punje 100 nzima, zisizo na ufa. Zipikeni nyumbani katika sufuria ya kawaida yenye kifuniko, kwa mafuta kidogo na moto mzuri, mkitikisa. Mlio ukikoma, hesabuni zilizobaki bila kupasuka.

Zikibaki chache, tuseme 5 au 10, punje ni nzuri. Basi tafuteni ubaya katika mashine au umeme. Lakini zikibaki 30 au 40, hata katika moto mzuri wa nyumbani, ubaya uko katika punje. Msibadilishe waya wowote. Okoeni fedha zenu.

Punje zilizokauka yaweza kuwezekana kuziponya. Chukueni kilo moja, mzitie katika chombo safi chenye kifuniko kinachokaza. Nyunyizeni kijiko kikubwa kimoja cha maji safi. Kijiko kimoja tu! Funikeni, mtikise vizuri. Tikiseni tena mara mbili tatu kwa siku, kwa siku tatu au nne. Maji yataingia polepole. Kisha pimeni tena kwa punje 100. Zikiwa bado kavu, rudieni kwa kijiko kidogo.

Msitie maji mengi kwa tamaa ya haraka. Punje ikilowa mno, ganda linakuwa laini na bisi zinatoka ndogo na za mpira. Na zikikaa na unyevu mwingi zinaota ukungu. Ukungu wa nafaka unaweza kuleta sumukuvu, sumu mbaya inayodhuru ini, nayo haiondolewi kwa kupika. Punje zenye ukungu au harufu ya uvundo zisiliwe na mtu, wala zisipewe mifugo.

HESABU

Sasa tushike penseli. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, ili tujifunze namna ya kuhesabu. Ninyi mtaweka bei za soko lenu.

Tuseme mfanyabiashara anatumia kilo moja ya punje. Anapika mara nne, gramu 250 kila mara. Gharama zake ni hizi:

Punje kilo moja: shilingi 4,000.
Mafuta: shilingi 1,500.
Chumvi: shilingi 100.
Mifuko 40, kila mmoja shilingi 25: shilingi 1,000.
Umeme: shilingi 250.

Jumlisheni. Mmepata shilingi 6,850. Vema.

Punje karibu zote zikipasuka, tuseme anajaza mifuko 40 na kuuza kila mfuko kwa shilingi 300. Anapata shilingi 12,000. Toeni 6,850. Kinachobaki ni shilingi 5,150.

Sasa tuseme punje zimekauka, na robo nzima haipasuki. Anajaza mifuko 30 tu, anapata shilingi 9,000. Gharama ni zile zile, ila mifuko 10 haikutumika, basi amebakiza shilingi 250. Gharama ni shilingi 6,600. Kinachobaki ni shilingi 2,400.

Tazameni vizuri. Punje zilizopotea ni robo, lakini faida iliyopotea imepita nusu! Kwa nini? Kwa sababu punje isiyopasuka ulikwisha inunua, ukaitilia mafuta, ukaichomea umeme, kisha ukaitupa.

Kama mashine ilinunuliwa kwa mkopo wa shilingi 400,000, kwa punje nzuri mkopo huo utarudi baada ya kupika kilo 78. Kwa punje kavu utarudi baada ya kilo 167. Hapo bado hatujahesabu riba, wala ushuru, wala jasho la mwenye kazi. Mtu anayetaka kuanza aulize kwanza habari za kibali katika ofisi ya mtendaji, kisha ahesabu, ndipo akope. Asikope kwanza akahesabu baadaye.

HATARI

Kabla ya kumaliza, nina maonyo matano.

La kwanza, msitengeneze bisi kwa mbegu za dukani za kupanda. Mbegu hizo hutiwa dawa, na mara nyingi hupakwa rangi nyekundu, kijani au buluu. Ni sumu. Kuziosha hakutoshi.

La pili, mafuta yakishika moto msimwage maji. Maji yatageuka mvuke ghafula na kuyatawanya mafuta yanayowaka. Zimeni umeme au gesi, kisha funikeni sufuria kwa kifuniko.

La tatu, mashine ya umeme hutumia umeme mwingi kuliko taa. Msiiunganishe kwa waya mwembamba wa taa. Utapata moto na kuungua. Plagi iwe na miguu mitatu, na waya wa ardhi uwe umefungwa na fundi anayejua. Mvua ikinyesha, zimeni. Msiguse mashine kwa mikono iliyolowa.

La nne, kusafisha. Sufuria ya mashine isafishwe kila siku, ikiwa imepoa na plagi imetolewa. Ipanguseni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Msiitumbukize katika maji, maana waya wa moto umo ndani yake. Mafuta ya jana yaliyoganda na kuungua hufanya bisi za leo ziwe chungu.

La tano, mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe bisi. Zinaweza kumkaba.

KURUDI BUNDA

Sasa turudi kwa mama yetu wa Bunda. Mwezi wa kwanza bisi zake zilikuwa nzuri. Ngoja niwape habari moja ambayo sikuitaja hapo mwanzo. Mwisho wa mwezi huo aliona heri anunue gunia zima, kwa sababu bei ya gunia ilikuwa nafuu. Akaliweka wazi ndani ya kibanda cha bati, karibu na mashine yake, akachota humo kila siku.

Je, ubaya uko wapi? Bila shaka mmekwisha jibu. Mashine ni nzima. Fundi alilipwa bure. Jirani mwenye kijicho hayuko. Ni joto la bati lililochukua maji ya punje, kama jua linavyochukua maji ya dagaa. Dawa yake ni kupima punje 100, kunyunyiza kijiko kimoja kwa kilo, kufunga punje katika ndoo zenye vifuniko vinavyokaza, na kuziweka mahali penye baridi na kivuli. Dawa hiyo haifiki bei ya waya mmoja.

Mnaona sasa kwa nini watu wazima wanasomeshwa habari za bisi. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Miaka hiyo madarasa ya mikoa ya Ziwa, na Mara ikiwemo, yalisoma katika vitabu vilivyoeleza kazi za watu wenyewe, kama kilimo cha pamba na uvuvi. Shabaha ilikuwa mtu asome ili aitazame kazi yake kwa macho mapya. Shabaha hiyo haijazeeka. Mtu asiyejua sababu ya jambo hulipa mara mbili: hulipa hasara, kisha humlipa yule anayemdanganya juu ya hasara hiyo. Anayejua kuhesabu punje 100 na kuandika jibu katika daftari halipi hata mara moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ni nini kinachopasua punje ya bisi?
2. Tajeni kazi tatu za mashine. Mama wa jikoni anazifanyaje?
3. Kwa nini jua ni jema kwa dagaa na ni baya kwa punje za bisi?
4. Punje 100 zilipikwa nyumbani, zikabaki 35. Je, tumwite fundi wa mashine? Toeni sababu.
5. Andikeni bei za soko lenu, kisha mfanye hesabu ya kilo moja. Faida ni shilingi ngapi?

Mwalimu, tafadhali lete punje, sufuria na mafuta katika kipindi kijacho, darasa lifanye lile jaribio la punje 100. Kila mwanafunzi ahesabu mwenyewe na aandike jibu lake. Na mkimaliza kuhesabu, bisi zenyewe mtagawana.